Mashine ya gemu inayoifaa Arusha

Mashine za gemu za kuunganisha na televisheni zinazogombea wateja Arusha ni za kampuni tatu: Sony na PlayStation yake, Microsoft na Xbox, na Nintendo na Switch. Duniani hulinganishwa kwa ukali wa picha, kasi ya prosesa na gemu ambazo mpinzani hana. Vipimo hivyo vinamfaa mnunuzi wa Tokyo au London, mwenye umeme usioyumba, intaneti ya waya na duka rasmi la kampuni karibu na kwake. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Kiangazi vumbi hutanda, umeme hupanda na kushuka, na vijana wengi hushika pedi kwa mara ya kwanza kwenye banda la gemu, si sebuleni kwao. Mizani ya huku ni nyingine. Mashine bora ni ile ambayo diski moja inaweza kuwatumikia watu wengi, fundi wa mtaani anaweza kuifungua, na inawaka bila kuomba ruhusa ya kompyuta iliyo ng'ambo. Kwa mizani hiyo PlayStation imeshinda mara mbili, kwanza kwa PS2 na kisha kwa PS4, na mara zote mbili nguvu ya mashine haikuwa sababu kubwa.

Historia ya gemu Tanzania ni fupi kuliko ya nchi nyingi. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, CTN na ITV, mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Sony iliingiza PlayStation ya kwanza sokoni Japani. Enzi ya Atari na ya Nintendo ya awali ilikuwa imepita bila kuikuta skrini ya kuchezea katika nyumba nyingi za Arusha, na mitaa kama Kaloleni na Ngarenaro haikuwahi kuwa na ushindani wa Nintendo na Sega uliozigawa shule za Marekani na Ulaya. Kilichotangulia kufika ni nakala za bei nafuu za Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, zilizotengenezwa na viwanda vya Asia visivyo na uhusiano na kampuni hiyo. Ziliuzwa na katriji za njano zilizodai kubeba mamia ya gemu, ingawa kwa kweli zilikuwa gemu chache zilizorudiwa kwa majina tofauti. Watoto waliocheza Mario na Contra kwa namna hiyo walikuwa wateja wa Nintendo bila Nintendo kupata hata senti.

PlayStation ya kwanza ilikuja na jambo ambalo wapinzani wake hawakulipa uzito: CD. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilibaki na katriji, ambazo kubwa zaidi zilibeba megabaiti 64, wakati CD ilibeba zaidi ya 600 na kutengenezwa kwa gharama ndogo sana. Sega Saturn nayo ilitumia CD, lakini Marekani iliuzwa dola 399 dhidi ya dola 299 za PlayStation, na ndani yake ilikuwa ngumu kuandikiwa programu. Sony iliuza zaidi ya mashine milioni 102, Nintendo karibu milioni 33, na Saturn haikufika milioni 10. Kwa Afrika Mashariki CD ilikuwa na maana ya ziada. Iliweza kunakiliwa kwenye kompyuta yoyote yenye kifaa cha kuchomea diski, na PlayStation iliyotiwa chipu na fundi ilizisoma nakala hizo bila shida. Huo ni ukiukaji wa hakimiliki, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 1999 inayoukataza. Hata hivyo, mwandishi wa historia ya gemu nchini hawezi kuupita kimya, kwa kuwa gemu hizo zilienea kwa nakala za diski kabla ya kuenea kwa mauzo halali.

Kulikuwa na mtego mmoja uliowagharimu wengi. Mashine za Marekani na Japani hutoa picha kwa mfumo wa NTSC, na televisheni nyingi za chogo za huku zilikuwa za PAL tu. Zawadi ya ndugu kutoka Marekani iliweza kuonyesha picha nyeusi na nyeupe, na huo ulikuwa mkosi mdogo. PS2 kubwa ya Marekani ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za TANESCO, iliungua sehemu ya kupokea umeme siku ileile. Katika mji wenye watalii, wamisionari na mashirika ya kimataifa, ambako bidhaa za Marekani hazikosekani mikononi mwa watu, kuuliza mashine imetoka nchi gani lilikuwa swali muhimu kuliko kuuliza ina gemu gani.

PS2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000. Sega ilikuwa na Dreamcast tangu Novemba 1998, mashine nzuri yenye modemu ndani yake, lakini Januari 2001 ilitangaza kuacha kabisa kutengeneza mashine. Microsoft iliingia Novemba 2001 na Xbox iliyoizidi PS2 kwa nguvu waziwazi, na GameCube ya Nintendo nayo iliizidi kwa mambo kadhaa. Hakuna iliyoikaribia sokoni: PS2 zaidi ya milioni 160, Xbox milioni 24 hivi, GameCube chini ya milioni 22. Sony iliendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa 2013, na huo ni umri ambao mashine chache za gemu zimewahi kuufikia.

Sababu zilizoifanya ipendwe Arusha zinastahili kuelezwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa ndizo zinazoeleza mabanda ya leo. Ilisoma diski za PlayStation ya kwanza, hivyo mwenye banda hakutupa alichonacho. Ilicheza filamu za DVD, na kifaa kimoja kikafanya kazi ya viwili, ingawa filamu za Kibongo za VCD iliziacha. GameCube haikucheza DVD kabisa, na Xbox ilidai kifaa cha ziada kinachouzwa peke yake. Toleo jembamba la mwaka 2004 lilikuja na adapta ya nje inayopokea umeme wa volti 100 hadi 240, na mtego wa umeme wa mashine za Marekani ukaisha. Pedi zake zilikuwa za waya, kwa hiyo hazikuhitaji betri wala chaji, na waya ukikatika huungwa. Lenzi ikichoka husafishwa, ikishindikana hubadilishwa, na ikikosekana kabisa kuna njia nyingine: tangu mwaka 2008 hivi zilienea programu zinazowekwa kwenye memori kadi na kuiwezesha PS2 kusoma gemu kutoka kwenye flashi. Njia hiyo ya flashi ina kasi ndogo, na baadhi ya gemu hukwama kwenye video za utangulizi, lakini mpira huchezeka. PS2 iliyokufa jicho iliendelea kuingiza hela.

Banda lenyewe ni biashara ya hesabu ndogo. Mfano wa makadirio unatosha kuonyesha uzito wa kila gharama. PS4 nyembamba ikiwa kazini hula wati 90 hivi, na televisheni bapa ya kawaida wati 60 au 70. Kwa saa kumi vyote viwili hula uniti moja na nusu. Uniti ya LUKU kwa mteja wa kawaida asiye kwenye punguzo la matumizi madogo ni shilingi 350 na ushee pamoja na kodi, hivyo umeme wa siku nzima haufiki shilingi 600. PS5 hula wati 200 hivi kwenye gemu nzito, na kwa saa hizohizo, pamoja na televisheni, gharama hukaribia shilingi 1,000. Mechi moja ikitozwa shilingi 500, tofauti ya mashine hizo mbili kwa siku ni chini ya mechi moja. Wanaosema PS5 haifai mabanda kwa sababu ya bili ya umeme wameelekeza lawama pasipostahili. Kinachoiumiza ni bei yake, kwa kuwa mtaji unaonunua PS5 moja unaweza kununua PS4 kadhaa zilizotumika, na katika banda mashine mbili zenye picha ya wastani huingiza fedha kuliko moja yenye picha kali.

Umeme huwa tatizo unapokosekana au unapoyumba. Mgawo wa 2006, wa 2011, na ule wa mwisho wa 2023 hadi mwanzo wa 2024 ulifunga mabanda kwa saa nyingi, na nafuu ilianza kuonekana mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa Februari 2024. Umeme ukikatika, wati zinarudi kuwa muhimu. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, na asiyetaka kuiua haraka hutumia nusu yake tu. Nusu hiyo inaendesha PS4 nyembamba na televisheni kwa chini kidogo ya saa nne, na PS5 kwa saa mbili tu na ushee. Mwenye banda pembezoni mwa Ngaramtoni au Usa River anayetegemea sola atapaswa kuanza na hesabu hii kabla ya kutazama picha za tangazo. Na kwa kila mashine, kizuia umeme mkubwa kinachogharimu pesa kidogo huokoa sehemu ya kupokea umeme, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuharibika umeme unaporudi kwa kishindo.

Joto na vumbi ndivyo vilivyoamua kizazi kilichofuata. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, ikiwa na bei ya chini na gemu nzuri. Ilikuwa na kila sababu ya kushinda. Lakini matoleo ya awali yalikuwa na kasoro ya joto iliyolegeza miunganisho ya chipu kwenye bodi na kuwasha taa tatu nyekundu. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili yake. Dhamana hiyo haikumfaa mnunuzi wa Arusha, ambako hakukuwa na kituo cha kampuni cha kuipeleka mashine. Mafundi waliichoma bodi kwa hewa ya moto, ikawaka wiki chache, ikafa tena. Mazingira nayo hayakusaidia. Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 12 kuliko ya pwani, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu, na vumbi laini la udongo wa volkano hujaza mapezi ya kupoozea ndani ya msimu mmoja. Baridi ya Juni na Julai hufidia kiasi. Dar es Salaam ina hewa nzito zaidi, lakini ina joto, unyevu na chumvi ya bahari inayokula viunganishi, kwa hiyo si haki kusema mji mmoja ni salama kwa mashine na mwingine sivyo. Kila mmoja huua kwa njia yake. PS3, iliyoanza kwa bei ya dola 599 kwa toleo kubwa, ilichelewa mno kushuka bei. Kwa miaka hiyo yote PS2 iliendelea kutawala, na gemu za soka PES 2014 na FIFA 14, za mwisho kutolewa kwa ajili yake, ziliendelea kuhuishwa na wapenzi wa nchi mbalimbali walioingiza vikosi na jezi mpya kila msimu.

Mwaka 2013 Microsoft ilifanya kosa ambalo lingeihukumu Arusha moja kwa moja. Ilipotangaza Xbox One ilieleza kuwa mashine ingepaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuziana diski zilizotumika kungewekewa masharti. Baada ya malalamiko makubwa ilifuta mpango huo tarehe 19 Juni, kabla mashine haijatoka. Hata hivyo Xbox One iliyotoka Novemba, kwa dola 499 dhidi ya 399 za PS4, bado ilihitaji sasisho la intaneti mara ya kwanza kuwashwa. PS4 ilitolewa boksini, ikatiwa diski, ikachezwa. Diski ya PS4 haifungwi na akaunti ya mtu wala nchi: inauzwa, inaazimwa, inabadilishwa na ya jirani. Diski kuu ya kuhifadhia ndani yake ni ya kawaida ya kompyuta mpakato, na mtu mwenye bisibisi huibadilisha kwa dakika chache. Pedi yake ikifa betri huendelea kufanya kazi kwa waya, nayo mabandani hubaki na waya muda wote. Haki itendeke kwa Xbox pia. Pedi yake hutumia betri ndogo za dukani ambazo kila mtu anaweza kubadilisha, na mashine za Microsoft hukubali diski nyingi za vizazi vilivyotangulia, jambo ambalo PS4 haifanyi. Kwa mtu mmoja mwenye mkusanyiko wa diski za Xbox 360, Xbox One X au Series X ni chaguo la busara kabisa. Ni wachache Arusha walio katika hali hiyo.

Mengine yote huamuliwa na mpira. Banda la gemu la Unga Limited au Sakina likisema lina gemu, maana yake kwanza ni soka. Mfululizo wa Konami, unaojulikana kwa majina ya Winning Eleven na baadaye PES, ulitawala enzi ya PS2 kwa kuwa mpira wake ulitembea kwa uzito unaofanana na mpira halisi, hata timu zilipokuwa na majina ya kubuni. FIFA ya EA ilichukua nafasi hiyo kwenye PS4, na leseni ndizo zilizochangia zaidi. Ligi ya Ubelgiji ilikuwamo, hivyo Mtanzania Mbwana Samatta aliyehamia Genk Januari 2016 aliweza kuchaguliwa na kuchezeshwa na kijana wa Kijenge. Hadithi hiyo pia inaonyesha mpaka wa diski. Samatta aliposajiliwa na Aston Villa Januari 2020, FIFA 20 ilikuwa imekwisha kuchapwa tangu Septemba iliyotangulia. Mashine zilizounganishwa na intaneti zilipakua usajili mpya, na zisizounganishwa zilimwacha Genk. Simba na Yanga hazimo katika diski rasmi, na pengo hilo kwa mashabiki wa nchi hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya picha. Vijana hulijaza kwenye simu, ambako Dream League Soccer huruhusu jezi za klabu hizo kuingizwa.

Mwaka 2021 Konami iliifuta PES na kuleta eFootball, gemu ya bure inayopakuliwa na kutegemea intaneti, bila diski. Kwa banda lisilo na intaneti huo ulikuwa mwisho wa mfululizo, na PES 2021 ikabaki kuwa ya mwisho kushikika mkononi. EA ilipoachana na FIFA na kutoa EA Sports FC 24 Septemba 2023, iliendelea kutengeneza toleo la PS4, na bado ilifanya hivyo kwa FC 26 ya Septemba 2025. Huu ndio uti wa mgongo wa hoja ya kuichagua PS4 hadi sasa. Siku EA itakapoiacha, kama ilivyoiacha PS2 baada ya FIFA 14, uamuzi utahitaji kutazamwa upya.

PS5 na Xbox Series X na S zilitoka Novemba 2020, na hapa tofauti kubwa iko kwenye njia ya kupata gemu. Series S, ya bei ndogo kuliko zote, haina mahali pa kutia diski. Kila gemu lazima ipakuliwe, gemu moja kubwa hufika GB 100, na nafasi anayobaki nayo mtumiaji ndani ya toleo la awali ni GB 364. Kwa anayelipia bando la simu, mashine hiyo ya bei rahisi hugeuka kuwa ya gharama kila mwezi. PS5 ya kawaida husoma diski zake na karibu zote za PS4, na hilo ni jema. Lakini toleo jembamba la mwisho wa 2023 lina kisoma diski kinachochomolewa, ambacho hudai intaneti mara ya kwanza kuunganishwa, na PS5 Pro ya 2024 huuzwa bila kisoma diski kabisa. Juu ya hayo, mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Tanzania. Wachezaji hufungua akaunti kwa anwani ya nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hiyo, mpango unaofanya kazi hadi siku kampuni itakapobadilisha masharti. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma. Aliyejenga maktaba yake yote juu ya akaunti ya kuazima anakalia kitu kisicho chake.

Switch ya Machi 2017 ina sifa moja inayoifaa sana miteremko ya Meru: ina betri na skrini yake, na hula umeme mdogo kuliko zote. Ni mashine nzuri kwa familia yenye watoto wadogo, au kwa nyumba ya sola isiyo na televisheni. Katika soka ilibaki nyuma: FIFA 20 hadi FIFA 23 kwenye Switch zilikuwa mchezo uleule wa zamani uliobadilishiwa jezi na vikosi, na toleo kamili lilianza na FC 24. Pedi zake ndogo huchakaa haraka zikishikwa na watu wengi, na katriji zake hazipatikani mitaani kama diski za PlayStation. Bandani haifai.

Chaguo la mwandishi wa safu hii kwa Arusha ya sasa, bandani na kwa nyumba nyingi, ni PS4 nyembamba yenye kisoma diski. Nyumba yenye intaneti ya uhakika na mtaji wa kutosha ichukue PS5 ya diski, kwa kuwa itarithi karibu diski zote za PS4. PS4 zinazouzwa zikiwa "na gemu ndani", yaani zilizofunguliwa ulinzi wake, zina mvuto wa bei, lakini haziwezi kuunganishwa na mtandao wa Sony kwa usalama, hukwama kwenye programu ya zamani, na gemu zake ni za wizi.

Kwa kuwa PS4 nyingi huuzwa zikiwa zimetumika, ukaguzi una mpangilio wake. Kwanza tundu la HDMI, ambalo hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa: waya utikiswe kidogo picha ikiwa juu. Kisha vijiti vya pedi viachwe bila kuguswa kwenye menyu, na mshale ukitembea wenyewe vijiti vimechakaa. Toleo la programu lisomwe kwenye mipangilio, liwe 9.00 au zaidi, kwa kuwa matoleo ya awali yangeweza kugoma kucheza gemu baada ya betri ndogo ya saa iliyo ndani kufa. Skrubu za nyuma zitazamwe kama zimewahi kufunguliwa. Feni isikilizwe baada ya dakika 20 za gemu nzito, maana inayounguruma imejaa vumbi au dawa ya kupitisha joto imekauka, na kazi hiyo ya fundi ipunguzwe kwenye bei. Mwisho intaneti izimwe, diski itiwe, na mechi nzima ichezwe hadi filimbi ya mwisho kabla ya fedha kutolewa.